Taa za Dari Ofisini: Hesabu Huanzia Mezani

Katika majengo mengi ya ofisi, Dar es Salaam kama Nairobi, taa za dari hupangwa kabla mtu yeyote hajajua meza zitakaa wapi. Fundi wa jipsam hugawa dari kwa miraba inayopendeza ukisimama mlangoni, fundi umeme hushusha nyaya katikati ya kila mraba, mwenye ofisi huchagua taa kwa kuangalia wati na bei, na wafanyakazi huja mwisho na meza zao. Mwezi haupiti, malalamiko yanaanza. Mmoja kichwa kinamuuma kila alasiri. Mwingine amegeuza skrini mshazari ili kukwepa taa iliyo mgongoni mwake. Wa tatu, aliyekaa kona ya ndani, anasema chumba kina giza. Wote wanafanya kazi chini ya taa zilezile, na wote wanasema kweli.

Kinachowasumbua ni mambo matatu tofauti ambayo kwa mazoea tunayafunga katika swali moja: je, mwanga unatosha? Kuna kiasi cha mwanga kinachofika mezani. Kuna kile ambacho jicho hukutana nacho linapoinuka kutoka mezani, yaani ukali wa taa zenyewe, kuta na madirisha. Kisha kuna tabia ya mwanga, rangi yake na utulivu wake. Ofisi inaweza kufaulu vizuri katika jambo la kwanza na kufeli katika mawili yaliyobaki. Nyingi ndivyo zilivyo, kwa sababu jambo la kwanza ndilo pekee linalozungumzwa dukani.

Wati, lumeni na luksi

Wati ni umeme unaoliwa na taa, basi. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na mwanga unaotua juu ya meza hupimwa kwa luksi. Luksi moja ni lumeni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Uwanja wa wazi wakati wa jua la adhuhuri hupata kama luksi 100,000, na siku ya mawingu kama 10,000. Ndani ya ofisi tunaridhika na sehemu ndogo sana ya hizo. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 12464-1, kinachotumiwa na wahandisi hata nje ya Ulaya, kinataka luksi 500 mahali pa kusoma, kuandika na kuchapa, 750 kwa michoro ya kiufundi, 300 kwenye meza ya mapokezi na 100 kwenye korido.

Hizo 500 ni wastani ambao mwanga haupaswi kushuka chini yake hata taa zikichakaa na kushika vumbi. Ni kipengele kidogo, lakini kinabadilisha hesabu nzima.

Tuchukue chumba cha mita 8 kwa 6, dari ikiwa mita 2.7 kutoka sakafuni. Eneo lake ni mita za mraba 48, kwa hiyo luksi 500 kila mahali ni lumeni 24,000. Anayeishia hapo atasema paneli sita (taa bapa za LED za darini) za lumeni 4,000 zinatosha, na atakuwa amempunja mteja karibu nusu ya mwanga. Sababu ya kwanza ni kwamba si kila lumeni inayotoka kwenye dari hufika mezani. Nyingine hupiga kuta na kumezwa. Katika chumba cha umbo hili, chenye dari nyeupe na kuta za rangi nyepesi, tukadirie robo tatu ya mwanga ndiyo itakayofika. Sababu ya pili ni uzee. Taa iliyoandikwa L70 saa 50,000 maana yake ni kwamba baada ya saa hizo itakuwa imebaki na asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo. Ofisi huchukua miaka mingi kufikia saa hizo, lakini mwanga hupungua njiani; ongeza vumbi la mjini, na kwa miaka ya kazi ni busara kuhesabu asilimia 80 tu ya mwanga wa taa mpya. Gawanya 24,000 kwa 0.75, kisha kwa 0.8, unapata lumeni 40,000. Hiyo ndiyo hesabu ya haki: paneli kumi za lumeni 4,000.

Hata hivyo, mimi nisingeweka kumi. Ningeweka kumi na mbili zenye lumeni 3,400 kila moja, kwa mistari mitatu ya paneli nne. Jumla ya mwanga ni karibu ileile, lakini sasa kila paneli iko mita 2 kutoka kwa mwenzake na mita 1 kutoka ukutani. Kutoka dari hii hadi uso wa meza ni kama mita 1.95. Umbali kati ya taa unapolingana na kimo chake juu ya meza, au kuzidi kidogo tu, mwanga hutandazwa vizuri. Ukizidi mara moja na nusu, meza zilizo katikati ya taa hubaki na kivuli. Taa chache zenye nguvu nyingi humvutia mwenye fedha kwa sababu mashimo na nyaya hupungua, lakini anayekaa chini yake hupigwa na mwanga mkali na jirani yake hukaa gizani.

Sasa paka kuta za chumba hichohicho rangi ya kahawia iliyokolea, kama wanavyofanya baadhi ya wapambaji ili ofisi ionekane ya hadhi. Sehemu ya mwanga inayofika mezani inaweza kushuka hadi asilimia 60, na mahitaji yakapanda hadi lumeni 50,000, yaani paneli 15 badala ya 12. Rangi ya ukuta imekula paneli tatu, na itaendelea kula umeme wake kila siku ofisi inapofunguliwa.

Kwa upande wa umeme, paneli za leo za kiwango hicho hula kama wati 32, hivyo zote kumi na mbili ni chini ya wati 400. Fremu za zamani za tyubu nne za wati 18 zenye choki ya chuma, kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, hula kama wati 90 kila moja, yaani zaidi ya wati 1,000 kwa idadi ileile. Kwa saa kumi kwa siku na siku 250 kwa mwaka, ni tofauti ya uniti 960 dhidi ya 2,700. Tena karibu umeme wote wa taa huishia kuwa joto chumbani, na joto hilo huondolewa na kiyoyozi, ambacho nacho kinalipiwa. Katika mji wenye joto kama Dar es Salaam au Mombasa, taa inayopoteza umeme hutozwa mara mbili.

Kinachoumiza macho

Mwanga ukishatosha, ndipo suala la mng'ao linapojitokeza, nalo ndilo ninaloliona limepuuzwa kuliko yote. Paneli ya sentimita 60 kwa 60 yenye lumeni 3,400 na kioo cha maziwa ina ukali wa karibu kandela 3,000 kwa kila mita ya mraba. Skrini ya kawaida ya kompyuta hukaa karibu na 250 au 300. Kwa hiyo mfanyakazi anayetazama skrini huku paneli ikichungulia juu ya ukingo wake ana kitu chenye ukali mara kumi ndani ya upeo wa macho, siku nzima. Jicho hujirekebisha kwa kile kikali, skrini inaonekana hafifu, mtu anakunja uso na kusogea mbele, shingo inachoka. Akiulizwa atasema kiti ni kibaya.

Wahandisi hupima kero hii kwa namba iitwayo UGR. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo macho yanavyopumzika, na kwa ofisi haitakiwi kuzidi 19. Watengenezaji makini huiweka kwenye karatasi ya maelezo ya taa. Muuzaji asipokuwa na karatasi hiyo, hilo pekee limekuambia kitu. Paneli zenye uso wa vijipembe vidogovidogo vinavyoelekeza mwanga chini hufaulu kwa urahisi zaidi kuliko za kioo cha maziwa, ingawa bei yake iko juu. Ni fedha nzuri kutumia. Zile taa ndogo za duara, ambazo mafundi huziita spoti, zina tatizo kubwa zaidi: lumeni nyingi zinatoka kwenye tundu la ukubwa wa kiganja. Zinapendeza kwenye mapokezi na koridoni. Juu ya meza ya mtu anayefanya kazi saa nane, zinatesa.

Mahali pa taa ni muhimu kama aina yake. Taa iliyo nyuma ya kichwa huangusha kivuli cha mtu juu ya karatasi yake na kujichora kwenye skrini. Iliyo mbele kabisa humulika usoni, na juu ya karatasi inayong'aa hufuta maandishi. Mahali pazuri ni pembeni, mistari ya taa ikipita kati ya safu za meza ili mwanga umfikie mtu kutoka kushoto na kulia, naye akitazama sambamba na mistari hiyo. Ndiyo maana mpango wa meza lazima uje kwanza. Fundi wa dari hawezi kujua kati ya safu ni wapi ikiwa safu hazijachorwa.

Kuna kosa jingine linalotokea hata taa zikiwa nzuri na zimekaa vizuri. Paneli zilizozamishwa darini humwaga mwanga wote chini. Meza zinang'aa, lakini dari na sehemu ya juu ya kuta hubaki na giza, na chumba kinahisi kama pango hata kipimo kikisoma luksi 500. Yule wa kona ya ndani aliyesema kuna giza alikuwa anatazama ukuta, si meza. Toleo la 2021 la EN 12464-1 limelipa jambo hili uzito: kwa ofisi za kawaida linataka luksi 150 juu ya kuta na 100 juu ya dari, mbali na zile 500 za mezani. Dari ikiwa na kimo cha kutosha, kama mita 3, taa zinazoning'inia na kutoa sehemu ya mwanga kwenda juu hulimaliza tatizo. Dari ikiwa fupi, sogeza mstari wa mwisho wa taa karibu na ukuta, na paka ukuta huo rangi nyepesi. Wajenzi wa nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu walilijua hili bila kipimo. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuruhusu upana zaidi, na kwa kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, mwanga kidogo wa kutoka uani ulirukaruka hadi ndani.

Dirisha na swichi

Mwanga wa jua ni bora kuliko taa yoyote, nasi tulio karibu na ikweta tunao mwingi. Lakini una masharti. Jua letu hupanda juu sana, kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na kibaraza kifupi cha zege. Ya mashariki na magharibi hayana kinga hiyo: jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini na kumpiga mtu usoni. Matokeo yake unayaona kwenye maghorofa mengi ya vioo. Saa mbili asubuhi mtu anashusha pazia, na kwa kuwa hakuna anayekumbuka kulipandisha, ofisi nzima inawasha taa hadi jioni huku nje kukiwa na luksi 100,000. Vioo vya tinti iliyokolea huongeza tatizo badala ya kulitatua, maana hupunguza mwanga wa siku nzima ili kuzuia ukali wa saa mbili tatu.

Mwanga wa dirishani hufika ndani kwa umbali wa takriban mara mbili ya kimo cha ukingo wake wa juu. Dirisha linaloishia mita 2.4 kutoka sakafuni litamulika vizuri kama mita 4 au 5 za kwanza. Katika chumba chetu cha mita 8 kwa 6, madirisha yakiwa upande mrefu, mstari wa taa wa kwanza unaweza kuzimwa kwa saa nyingi za mchana na wa pili kwa baadhi yake. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa kila mstari sambamba na dirisha una swichi yake. Mafundi wengi huunganisha taa kinyume, kuanzia dirishani kwenda ndani, kwa sababu waya unakuwa mfupi. Kwa hiyo ukizima taa za dirishani unazima pia za yule wa kona ya ndani, na mwisho zote zinabaki zimewashwa. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kumpa anayejenga ofisi, ungekuwa huu: kabla dari haijafungwa, mwambie fundi aweke swichi kwa mistari inayofuata dirisha. Wakati huo ni suala la mita chache za waya. Baada ya jipsam kupakwa rangi, ni suala la kubomoa.

Vihisi vinavyopunguza taa vyenyewe kadiri jua linavyopanda hufanya kazi hiyo bila kumtegemea mtu. Vihisi vya mwendo vinafaa stoo, chooni na chumba cha mkutano. Usiviweke juu ya meza ya mtu anayesoma kimya, taa zitamzimikia.

Utulivu, rangi na umri

Tyubu za zamani zenye choki ya chuma na stata, kwa umeme wetu wa hezi 50, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Hatuoni, lakini mwili unajua. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa ofisini: walipobadilishiwa tyubu hizo na zile zinazoendeshwa kwa masafa ya juu, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Taa za LED za bei ya chini zaweza kurudisha kero hiyohiyo, kwani kifaa chake cha kugeuza umeme, ambacho mafundi hukiita draiva, kimetengenezwa kwa kubana gharama. Elekeza kamera ya simu kwenye taa, ikiwezekana kwa mwendo wa polepole. Mistari myeusi inayotembea juu ya picha ni dalili ya kuwaka na kufifia huko. Draiva ndiyo pia hufa kwanza umeme unapopanda na kushuka, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya chembe za mwanga kuchoka. Nunua taa ambayo draiva yake inabadilishwa peke yake, na uweke mbili tatu za akiba.

Tyubu zenyewe zinaondoka. Zina zebaki, na mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliofanyika Geneva mwaka 2023, kwa msukumo mkubwa wa nchi za Afrika, ulikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kuziingiza na kuziuza nje ifikapo 2027. Anayefunga fremu mpya za tyubu leo anajifungia katika spea zitakazoadimika.

Kuhusu rangi, madukani kwetu taa nyeupe ya samawati ya kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) ndiyo iliyojaa, na watu wameizoea hadi kuamini kwamba nyeupe zaidi ni mwanga zaidi. Kwa ofisi, 4,000 inatuliza bila kusinzisha, na nyuso za watu hazionekani za wagonjwa. Hakikisha kipimo cha uaminifu wa rangi, Ra, hakipungui 80, na usichanganye rangi mbili katika chumba kimoja. Ni kweli kwamba jicho lina seli ambazo haziko kwa ajili ya kuona picha. Zilielezwa mwaka 2002, na kazi yake ni kuufahamisha mwili saa ya siku, hasa kupitia mwanga wa samawati. Lakini anayekuuzia taa kwa ahadi kwamba zitaongeza kazi kwa asilimia fulani, usimkubalie haraka. Majaribio ya mwanga kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, yaliyoanza 1924, yalitafuta uhusiano huohuo kwa miaka mitatu na hayakuupata kwa uwazi. Kwa kuuweka mwili macho, kumketisha mtu karibu na dirisha kuna nguvu kuliko paneli yoyote.

Umri nao una dai lake. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Mhasibu anayekaribia kustaafu na kijana wa mafunzo kazini hawawezi kuridhishwa na dari moja, na kuongeza taa za dari ili kumtosheleza mzee kutamuumiza kijana. Mpe mzee taa ya meza yenye swichi yake mwenyewe. Katika ofisi kubwa zenye watu wa rika mbalimbali, napendelea dari ya luksi 300 tulivu na taa ya meza kwa kila anayeihitaji, kuliko 500 zilizomwagwa kila mahali pamoja na njia za kupitia.

Siku ya kukabidhiwa kazi, pima usiku, jua likiwa limezama, la sivyo utakuwa unapima dirisha. Washa taa zote, ziache zipate kama nusu saa, kisha pita na kipima mwanga ukikiweka juu ya kila meza, sio kukishika kifuani. Taa zikiwa mpya, katika chumba chetu usome 600 na kidogo. Ikisoma 500 siku ya kwanza, baada ya miaka michache itakuwa 400, na huo ndio wakati wa kumdai mkandarasi, kabla hajalipwa mwisho. Kaa pia kwenye kila kiti, tazama mbele kama unayesoma skrini, na uangalie ni taa zipi zinakuingia machoni. Zima njia kuu ya umeme uone kama taa za dharura zinawaka kuelekea mlango wa kutokea na ngazini. Andika namba zote kwenye mchoro wa chumba na uutunze, kwa sababu mwaka wa tatu mtu atakaposema taa zimefifia, utahitaji kujua zilikuwa ngapi.